Mwenye Duka Aliyeomba Kura Huku Akidaiwa

Jina la Abraham Lincoln lajulikana kwa wengi kuwa ni la yule Rais wa Marekani aliyetoa tangazo la kuwaweka huru watumwa mwaka 1863, kisha akauawa mwaka 1865. Ni wachache wajuao kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mwenye duka kijijini, tena duka lililofilisika, na kwamba aliingia katika Bunge la jimbo lake huku wadai wakimwandama.

Kijiji chenyewe kiliitwa New Salem, katika jimbo la Illinois, kando ya mto Sangamon. Palikuwa na nyumba chache za magogo, kinu cha kusagia nafaka, na maduka mengi kuliko wanunuzi. Lincoln alifika hapo mwaka 1831, kijana wa miaka 22 asiye na shamba wala urithi, akaajiriwa kuuza dukani kwa mtu. Mwezi Machi 1832 alitangaza kuwa anagombea kiti katika Bunge la Jimbo. Uchaguzi ulipofanyika mwezi Agosti, wagombea walikuwa 13 na viti vya wilaya hiyo vinne. Yeye alitokea wa nane. Lakini katika kituo cha New Salem alipata kura 277 kati ya 300. Waliomjua walimtaka. Taabu ni kwamba wilaya ilikuwa kubwa, na sehemu ya majira ya kampeni aliimaliza jeshini katika vita vya Black Hawk.

Sasa kijana huyo alihitaji riziki. Akashirikiana na mwenzake aliyeitwa William Berry, wakanunua duka kwa mkopo, yaani kwa kutia saini hati za kuahidi kulipa baadaye. Si muda mrefu wakachukua na mali ya duka la pili, ambalo mwenyewe alikata tamaa baada ya wahuni kumvunjia madirisha. Aliyelinunua kwanza aliwauzia akina Lincoln siku ile ile, akapata faida bila hata kufagia sakafu. Mpaka hapo hakuna fedha nyingi iliyotoka mfukoni mwa wabia hao wawili. Zilitoka karatasi tu. Kila mwenye duka anajua mwisho wa karatasi za namna hiyo.

Waliuza bidhaa za kawaida: chumvi, sukari, kahawa, vitambaa, na pombe kali. Husimuliwa kwamba Berry alikuwa mnywaji wa bidhaa zake mwenyewe, naye Lincoln alipenda kulala chini ya mti akisoma kitabu. Masimulizi hayo yanachekesha, lakini hayatoshi kueleza hasara. Kijiji kidogo kama kile hakikuweza kulisha maduka kadhaa, na kama wangekesha dukani wote wawili, wanunuzi wasingeongezeka. Katika mwaka 1833 biashara ikazimika kama taa iliyokwisha mafuta.

Mwezi Mei mwaka huo Lincoln alipewa kazi ya posta ya kijiji. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini kazi ilimfaa kwa jambo moja: magazeti yote yalipita mikononi mwake, naye aliyasoma kabla ya wenyewe. Barua aliziweka ndani ya kofia yake na kuwapelekea watu majumbani. Kisha akajifunza upimaji wa ardhi, akawa akizunguka wilaya nzima kuweka mipaka ya mashamba. Hivyo, ile wilaya isiyomjua mwaka 1832 ikaanza kumjua, mlango kwa mlango.

Mwaka 1834 akagombea tena. Yasemekana siku moja aliwakuta wavunaji wapatao 30 shambani, nao wakamwambia hawatampa kura mtu asiyeweza kazi yao. Akashika fyekeo la ngano, akatangulia mbele yao mpaka mwisho wa shamba. Upigaji kura wa siku hizo haukuwa wa siri: mtu alisimama mbele ya makarani akayataja kwa sauti majina ya awatakao. Nao waliotaja walikuwa wanaume weupe tu. Wanawake na watu weusi hawakuulizwa. Safari hii Lincoln alitokea wa pili kati ya wagombea 13, kwa kura 1,376.

Ushindi haukufuta deni. Hakuwa na hata nguo za kuvaa Bungeni, ikambidi akope dola 200 kwa mkulima mmoja aliyempigia kura. Kabla hajakaa kitini, mdai mmoja akapata hukumu ya mahakama. Farasi wake, tandiko na vyombo vya kupimia ardhi vikanadiwa. Rafiki yake James Short alivinunua mnadani kwa dola 120, akamrudishia vyote. Mwezi Januari 1835 Berry akafariki, na kwa kuwa wabia hudaiwa wote kwa pamoja, deni zima la dola zipatazo 1,100 likamwangukia aliyebaki. Posho ya mbunge ilikuwa dola tatu kwa siku, tena kwa siku za kikao tu. Wafanyabiashara wengi wa nchi hiyo ya mpakani waliofikwa na balaa kama hilo walihama usiku. Yeye aliwaendea wadai, akawaomba wampe muda. Kwa mzaha aliliita deni lake "deni la taifa".

Alichaguliwa tena mwaka 1836, 1838 na 1840, na mwaka 1836 alipata kibali cha uanasheria. Alipohamia mji wa Springfield mwezi Aprili 1837, mbunge wa vipindi viwili, aliingia katika duka la Joshua Speed kuuliza bei ya godoro na matandiko. Akaambiwa dola 17. Hakuwa nazo. Speed akamkaribisha walale pamoja katika chumba cha juu ya duka. Lincoln akapanda ngazi na mifuko yake, akaiweka chini, akarudi na kusema kwamba amekwisha kuhamia. Deni la New Salem aliendelea kulilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi baada ya hapo.