Mafuta ya Karafuu Yanapofika Kirando

Maumivu ya jino, ambayo aghalabu humshika mtu usiku wa manane, hayamngojei mkazi wa Kirando mpaka apate nauli ya kupanda hadi Sumbawanga kutibiwa. Ndiyo maana katika mji huu wa wavuvi, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwenye kichupa cha mafuta ya karafuu hubishiwa hodi na jirani zake. Kichupa hicho huenda asili yake ni Pemba, kisiwa kilichoshika ukuu wa karafuu baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja. Na huko Wawi, karibu na Chake Chake, kiko kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwa mvuke, mvuke ukapoozwa, mafuta yakajitenga na maji.

Mafuta haya si kama mawese yaeleayo, bali huzama. Na mwenye kuyadondosha katika birika la maji akidhani ameyapunguza ukali, hajapunguza kitu. Shurti yachanganywe na mafuta mengine, ya alizeti au ya nazi: kwa ngozi, tone moja katika vijiko viwili vya chai, wala yasikaribie macho. Kwa jino lililotoboka, pamba iliyochovywa kidogo katika mchanganyiko iguse jino lenyewe pasipo kuubabua ufizi, na mate yatemwe.

Kinachotuliza ni kemikali iitwayo yujenoli, ambayo aghalabu ni zaidi ya robo tatu ya mafuta, nayo hutia ganzi na kuua vijidudu. Waganga wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki wakapata saruji ya kuzibia jino kwa muda. Lakini ganzi, nionavyo, ni mnafiki mpole: hunyamazisha kilio, na huku uozo ukiendelea kuchimba, hata mgonjwa akaja kwa mganga uso umevimba. Harufu ya mafuta haya huwafukuza mbu kwa kitambo, ila haiwi badala ya chandarua.

Wavuvi wetu wa migebuka watacheka wakisikia kwamba wataalamu wa samaki huyatia mafuta haya majini ili samaki alale wampime bila kufurukuta. Basi mtoto akiyanywa je? Mililita 5 hadi 10, yaani kichupa kimoja kidogo, zimewahi kumtia mtoto mdogo katika usingizi mzito wa kuzirai, degedege, na ini kuharibika. Wajawazito, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wamuulize daktari kwanza.

Kichupa kiwe cha kioo cheusi, kwani mafuta haya hulainisha baadhi ya plastiki, nacho kifungiwe katika kabati la juu, wala mafuta yasihamishiwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, asitapishwe. Achukuliwe upesi hadi kituo cha afya, na kichupa kiende pamoja naye.