Muziki wa Jukwaani Mji Mkongwe: Mkaazi Aanzie Wapi?

Mkaazi wa Mji Mkongwe akiulizwa na mgeni ni wapi taarabu inapigwa usiku huu, aghalabu husita kabla ya kujibu. Si kwamba haijui taarabu. Ameisikia tangu utotoni. Husita kwa sababu mji huu hauna ukumbi mmoja ambao mtu ataufikia usiku wowote akakuta kikundi kamili kimeketi na vyombo vyake. Muziki wa hapa haufuati jengo. Unafuata vikundi, na vikundi vinafuata kalenda ya harusi, sikukuu na matamasha. Anayetaka kuusikia hana budi kujua nani anapiga na lini. Hapo ndipo suala la wapi litajijibu lenyewe.

Vikundi viwili vikongwe ndivyo pa kuanzia. Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, kina makao yake upande wa Malindi. Chimbuko lake linarudi nyuma hadi enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye aliupenda muziki wa Misri kiasi cha kumtuma kijana wa hapa, Mohamed Ibrahim, akajifunze kanuni huko Cairo. Muziki huo ulikuwa wa kasri na uliimbwa kwa Kiarabu. Aliyeupeleka kwa watu wa kawaida, kwa Kiswahili na kwa khabari za mitaa ya Ng'ambo, ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurikodi santuri. Kikundi cha pili ni Mila na Utamaduni, kinachojulikana pia kwa jina la Culture Musical Club. Kilianzishwa mwaka 1958 na makao yake yako Vuga.

Jambo ambalo wakaazi wengi hawalitumii ni mazoezi. Vikundi hivi hukutana jioni katika makao yao kujifunza nyimbo mpya na kurejea za zamani, na kwa desturi msikilizaji mtulivu hafukuzwi. Inatosha kufika mapema, kutoa salamu, kumuomba ruhusa kiongozi aliyepo na kukaa pembeni. Simu izimwe. Picha zisipigwe bila ya kuuliza. Kwa kijana anayetaka kujua fidla inaingia wapi na kanuni inaitikia vipi, jioni moja ya mazoezi ina faida kuliko onesho zima, kwa kuwa hapo wimbo husimamishwa, hukosolewa na kurejewa mpaka ukae sawa. Waliomo vikundini ndio pia wenye khabari sahihi ya onesho lijalo, maana matangazo mengi ya taarabu hupita kwa mdomo, redioni, au kwa gari la kipaza sauti siku moja kabla.

Onesho lenyewe lina utaratibu wake, na asiyeujua huweza kuchoka mapema. Huanza usiku, baada ya sala ya Isha, na mara nyingi huchelewa. Hufunguliwa kwa bashraf, yaani muziki wa ala tupu usio na mwimbaji: udi, kanuni, fidla, nai, kodiani, dumbaki na rika. Kisha waimbaji huingia mmoja mmoja. Msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, akaenda mbele taratibu na kumtunza mwimbaji kwa noti. Kutunza si lazima. Lakini mtu akienda mbele katika ubeti fulani, wasikilizaji huelewa kwamba pengine ana lake la kumwambia mtu aliyeketi ukumbini humo, na nusu ya ladha ya usiku iko hapo.

Nje ya Mji Mkongwe, upande wa Ng'ambo, iko ndugu ya taarabu isiyotajwa sana katika vitabu vya wageni. Kidumbaki huhitaji watu wachache tu: mpiga fidla, vidumbaki viwili vidogo, cherewa, mkwasa, na sanduku lililotiwa fimbo na kamba likafanya kazi ya besi. Hupigwa zaidi katika harusi, kwa mwendo wa kasi, na watu hucheza badala ya kukaa vitini. Tiketi hakuna; anayehudhuria ni aliyealikwa au jirani. Ni muziki ulio hai kuliko mwingine wote mjini, na hauonekani kwenye ratiba yoyote.

Kwa anayependelea jukwaa kubwa, mahali ni Ngome Kongwe, Forodhani. Ngome hiyo ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, na ukumbi wake wa wazi wenye ngazi za kukalia umo ndani ya kuta. Hapo ndipo Sauti za Busara, tamasha la muziki wa Kiafrika lililoanza mwaka 2004, hufanyika kila Februari. Tiketi za wakaazi zimekuwa za bei ya chini kuliko za wageni, kwa hiyo kitambulisho kisisahauliwe nyumbani. Maandamano ya ufunguzi, yanayopita mitaani kwa ngoma na beni, hayana malipo kabisa. Katikati ya mwaka huja Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ambalo nalo huwa na muziki nyakati za usiku.

Matamasha hayo hayapaswi kuchukuliwa kuwa ni jambo la hakika kama kuchwa kwa jua. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa kukosa fedha. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachojulikana kwa herufi DCMA, nacho kilitangaza hadharani mwaka 2019 kwamba kilikuwa hatarini kufungwa baada ya misaada ya wafadhili kupungua. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 2002 na kwa miaka mingi kilisomeshea katika jengo la Forodha ya zamani, Mizingani. Wapigaji wengi vijana wa mji huu wamepita humo, wakiwemo wasichana walioshika ala ambazo hapo kabla zilikuwa za wanaume peke yao. Onesho la wanafunzi halina mabango makubwa wala mwimbaji mashuhuri, lakini viti vikijaa wakaazi, chuo huwa na hoja nzito kinapoomba msaada.

Yako pia mahoteli, hasa Shangani na Hurumzi, yanayoweka wapigaji watatu au wanne juu ya paa wakati wa chakula cha usiku. Ni ajira halali na wanamuziki wengi wanaitegemea. Ila bei hupangwa kwa mfuko wa mtalii, nyimbo hufupishwa, na ni nadra kumwona mtu akiinuka kutunza. Mkaazi asidhani kwamba hiyo ndiyo taarabu yote iliyobaki.

Vipindi viwili vya mwaka havifanani. Katika mwezi wa Ramadhani muziki wa hadhara husita, na anayepanga kualika jamaa kutoka Bara kwa ajili ya muziki asiuchague mwezi huo. Siku za Idi mambo hugeuka: ndio wakati mzuri kabisa wa kutafuta onesho la kikundi kamili, na khabari zake ziulizwe tangu kumi la mwisho la Ramadhani.

Limebaki suala la majirani. Nyumba za Mji Mkongwe zinagusana, kuta hupitisha sauti, na msikiti hauko mbali na mlango wowote. Anayekusudia kuandaa onesho la hadhara anatakiwa kupata kibali cha Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na ni busara kumuarifu sheha mapema, hata kwa shughuli ndogo yenye vipaza sauti. Mkaazi anayesumbuliwa na kelele naye aanze kwa sheha huyo huyo, akieleza nyumba, siku na saa. Vikundi vya taarabu vyenyewe havipingi utaratibu huu. Fidla na kanuni husikika vizuri zaidi mtaa ukiwa kimya.