Tukimwita 'teja' tumekwisha kumhukumu

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi dogo la ngeli. Niliandika ubaoni nomino kumi zinazotaja watu, nikawataka watunge sentensi moja moja ili tuone jinsi upatanisho wa kisarufi unavyokwenda. Miongoni mwazo nililiweka neno 'teja', kwa kuwa ni neno la mitaani ambalo limekwisha kuenea kutoka Pwani hadi bara. Nilipokusanya karatasi nilikuta sentensi za sampuli moja: 'Teja limeiba ndala msikitini.' 'Teja limelala mtaroni.' 'Polisi wamelikamata teja.' Karatasi moja tu ilikuwa na pengo mahali pa neno hilo.

Mwenye karatasi hiyo, binti mtulivu kutoka Mombasa, alinijia ofisini baadaye. "Mwalimu," akaniambia, "kakangu ndiye wanayemwita hivyo. Nimeshindwa kumwandika."

Nilimpa kiti, akanieleza. Kaka yake alianza kuvuta unga akiwa utingo wa matatu. Baada ya miaka mingi ya kuiba vyombo vya nyumbani na kuapa kwamba ataacha, alikubali kwenda kliniki ya methadoni, ambako kila asubuhi hunywa kipimo chake mbele ya muuguzi. Siku moja alikamatwa njiani katika msako. Mfukoni hakuwa na kitu ila kadi ya kliniki. Alilala korokoroni siku mbili bila dawa, arosto ikamtesa. Jamaa walichanga pesa za kumtoa, pesa ambazo hazikuandikiwa stakabadhi. Alipotoka hakurudi kliniki; alirudi kwa unga. Ilichukua miezi mitatu mama yake kumshika mkono na kumpeleka tena.

Tangu siku hiyo nimelitazama neno lile kwa jicho jingine. Yaelekea 'teja' limetokana na 'mteja'. Mteja ni mtu mwenye heshima zake: mwenye duka humkaribisha, wakili humsikiliza, na mganga naye huwaita wateja wale wanaomwendea kutafuta tiba. Sisi tumemvua kiambishi cha ngeli ya watu, tukamtia katika kundi la majitu, mazee na majizi, ambamo lugha yetu hukuzia na kudunishia. Yapo majina mengine ya watu yenye wingi wa 'ma-', kama vile daktari na karani. Hata hivyo, hakuna asemaye 'daktari limefika'. Husemwa 'daktari amefika', kwa kuwa ni mtu. Wanafunzi wangu waliandika 'teja limeiba' bila kufundishwa na yeyote. Walijifunza barabarani, kutoka kwetu sisi wazee wao.

Nakiri kwamba nami nimo. Nimewahi kuketi katika matatu nikasikia abiria wakisema mateja yazolewe yote yatiwe ndani, nami nikatikisa kichwa kukubali. Abiria wale wale, kabla gari halijafika kituo cha pili, walikuwa wakimlaani askari wa barabarani kwa kudai kitu kidogo. Haya ndiyo maajabu ya fikra zetu kuhusu polisi. Hatuwaamini kwa ng'ombe wetu, gari letu wala kura yetu, ilhali twawaamini kabisa kumtibu kijana mgonjwa kwa rungu na pingu.

Na je, msako hunasa nani? Dagaa huvuliwa kila siku. Papa tuliwaona wakivuliwa na wengine. Ndugu Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa Mombasa mwaka wa 2014, kesi ikavutwa huku na huku hadi walipopelekwa Marekani Januari 2017. Huko New York walikiri makosa yao, yakiwemo ya kuwahonga maafisa wa hapa kwetu, na Baktash akahukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka wa 2019. Katika miaka hiyo yote, kijana wa kete moja hakukosa nafasi selini.

Sheria yetu yenyewe ina ndimi mbili. Ile ya mwaka wa 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya ilimwekea mtu aliyepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe kifungo cha hadi miaka 10. Marekebisho ya 2022 yaliteremsha adhabu hiyo hadi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Lakini sheria hiyo hiyo ya 1994 inazungumzia vituo vya kuwarekebisha waraibu. Majirani zetu wa Tanzania walianza kutoa methadoni katika hospitali ya Muhimbili mwaka wa 2011, nasi tukafuata Mathari, kisha Malindi na Mombasa, kufikia 2015. Kwa hiyo mkono mmoja wa serikali humnywesha mgonjwa dawa, na mkono wa pili humkamata akiwa njiani kuinywa.

Linapotajwa wazo la kuondoa adhabu ya jinai, watu hupiga kelele kwamba tunataka kuhalalisha unga. La hasha! Hapa mwanaisimu hana budi kutenganisha maneno. Kuhalalisha ni kuruhusu kitu kiuzwe na kununuliwa. Kuondoa jinai ni kuacha kumfunga mtumiaji, huku muuzaji akiendelea kusakwa. Ureno ilichukua njia hii ya pili Julai 2001. Anayepatikana na kiasi cha matumizi yasiyozidi siku 10 hapelekwi mahakamani, bali mbele ya tume inayohusisha watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Muuzaji bado hufungwa.

Sisemi kwamba kufuta adhabu peke yake kunatosha. Jimbo la Oregon huko Marekani lilifuta adhabu ya jinai kuanzia Februari 2021, huduma za tiba zikachelewa, wananchi wakachoka kuona watu wakijidunga barabarani, na Septemba 2024 adhabu ikarudishwa. Nasi tuna somo letu. Sheria ya vileo ya mwaka wa 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa, ikitaka ipikwe na kuuzwa kwa kanuni za usafi. Kanuni zilipopuuzwa, watengenezaji wa pombe haramu waliendelea na sumu zao, na Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa. Mlango wa seli ukifungwa, wa hospitali hauna budi kufunguliwa siku hiyo hiyo.

Atakayeniuliza habari ya aliyeibiwa ndala, simu au kioo cha gari, namjibu kwamba mwizi ashtakiwe kwa wizi wake. Lakini tusimfunge mtu kwa sababu ya ugonjwa, kisha tukashangaa anapotoka akiwa mgonjwa zaidi.

Walimu wenzangu, jambo hili laanzia madarasani mwetu. Mwanafunzi akikutwa na msokoto wa bangi, aghalabu la kwanza ni kumwita askari, la pili ni barua ya kufukuzwa. Sheria ya Watoto ya 2022 imefungua njia ya kumwepusha mtoto na kesi ya jinai. Kwa nini basi sisi walezi tuwe wepesi kuliko sheria? Mzazi aitwe kwanza, na mshauri, na daktari. Nanyi wanafunzi, mwenzenu anapoanza kupotea, jina mtakalompa ndilo litakaloamua kama atawajia au atawakimbia. Zamani tulisema 'kilema', leo twasema 'mlemavu'. Mabadiliko hayo hayakumponya mtu mguu, lakini yalitukumbusha kwamba tunamzungumzia mtu.

Kabla yule binti hajaondoka ofisini, nilimrudishia karatasi yake, nikamwambia ajaze pengo kwa neno alitakalo. Alifikiri kidogo, akaandika: 'Mraibu amekwenda kliniki.' Nilimpa alama zote. Kisha nikazirudia karatasi za wenzake, na kila palipoandikwa 'limeiba' nikapiga mstari mwekundu.