Unguja kwa Daladala

Askari mwenzetu mwenye likizo fupi asidhani kwamba uzuri wa Unguja ni wa wenye magari ya kukodi. Tukiwa katika nguo za kiraia, tulipanda mjini daladala nambari 309 iendayo Jambiani. Mama mmoja alitupakatisha mwanawe bila hata kutuuliza majina. Penye msitu wa Jozani gari lilipunguza mwendo, kwani barabarani mna matuta ya kuwanusuru kima punju. Jambiani tuliikuta bahari imekupwa, wanawake wakivuna mwani, nasi tukazubaa. Utingo alikuwa ametuonya kuwa jioni magari huadimika. Tulilikosa la mwisho, na boti yetu ilikuwa ya asubuhi! Mvuvi mmoja alitulaza kwake, akatuamsha saa kumi alfajiri kuliwahi gari la kwanza.