Kinga ilikuwapo, hakuivaa: Somo la kifo cha Dale Earnhardt

Kila ninapomwambia mzazi asimpakate mtoto kwenye gari, jibu huwa lile lile: “Dokta, si ni hapo karibu tu? Na nimemshika vizuri.”

Wiki hii sitarudia onyo hilo mwanzoni. Naomba nikusimulie ajali moja ya mbio za magari iliyotokea Marekani. Aliyekufa alikuwa miongoni mwa madereva hodari kabisa wa wakati wake, na yeye pia alikuwa na sababu zake za kukataa kinga.

Ilikuwa Jumapili, Februari 18, 2001, katika uwanja wa Daytona, jimbo la Florida. Mbio za Daytona 500 ndizo zenye heshima kubwa kuliko zote za NASCAR. Dale Earnhardt, mwenye umri wa miaka 49, alikuwa amekwisha kuwa bingwa mara saba. Katika mzunguko wa mwisho alikuwa wa tatu. Mbele yake yalikuwapo magari mawili ya timu aliyoimiliki mwenyewe: moja la Michael Waltrip na jingine la mwanawe, Dale Earnhardt Junior.

Kwenye kona ya mwisho gari lake liliguswa na la mwenzake, likayumba, likapanda juu na kukita ukuta wa zege kwa kasi ya takriban kilomita 250 kwa saa. Kisha likateleza taratibu hadi kwenye nyasi. Waltrip akashinda, na watu wakashangilia.

Wengi waliokuwa wakitazama hawakushtuka, kwa sababu mapema siku hiyo walikuwa wameona ajali ya kutisha zaidi. Magari mengi yaligongana, na la Tony Stewart likaruka hewani na kubiringika juu ya mengine. Stewart alitoka hai. Ya Earnhardt ilionekana ya kawaida. Lakini Ken Schrader, dereva aliyegongana naye, alipochungulia dirishani aligeuka haraka na kuwaita waokoaji. Earnhardt alitangazwa kufariki dunia hospitalini jioni hiyo.

Kilichomuua

Tulipokuwa wanafunzi wa udaktari, mwalimu wetu wa anatomia aliwahi kushika fuvu, akaligeuza chini juu na kutuonyesha tundu kubwa lililo katikati ya sehemu ya chini. Hapo ndipo ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Akasema, “Hapa pakivunjika, mnaweza kumpoteza mgonjwa kabla hamjamfikia.” Uchunguzi wa mwili wa Earnhardt ulionyesha kuwa ndipo alipovunjika: kitako cha fuvu.

Gari linapobiringika, nguvu ya mwendo wake hupungua kidogo kidogo. Kila mzunguko na kila bati linalong’oka huondoa sehemu ya nguvu hiyo. Gari linapokita ukuta mgumu, nguvu yote huisha kufumba na kufumbua. Mikanda huzuia kifua na nyonga, lakini kichwa hakina mkanda. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, achilia mbali kofia ngumu. Mwili unasimama, kichwa kinaendelea mbele, na shingo inavutwa kwa nguvu ambayo mfupa wa kitako cha fuvu hauwezi kuistahimili. Mishipa mikubwa ya damu na shina la ubongo, linaloongoza pumzi, huumia papo hapo.

Kulikuwa na ubishi baada ya kifo hicho, hasa kuhusu mkanda wa kiunoni uliokutwa umekatika. Dk Barry Myers wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyepewa kazi ya kuchunguza bila kuegemea upande wowote, aliona kuwa tatizo lilikuwa kichwa kurushwa mbele bila kizuizi.

Kifaa kilikuwa dukani

Jambo linaloniuma kama daktari ni kwamba kizuizi hicho kilikuwapo. Mwaka 1981 dereva Mfaransa, Patrick Jacquemart, alikufa kwa jeraha la kichwa akifanya majaribio ya gari huko Ohio. Rafiki yake, dereva Jim Downing, alimwendea shemeji yake, Robert Hubbard, profesa wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Michigan State aliyekuwa mtaalamu wa majeraha ya ajali. Wakabuni kifaa kinachoitwa HANS. Ni kama kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, ikiunganishwa na kofia kwa kamba fupi. Mwili ukisimama ghafla, kichwa nacho husimama pamoja nao.

Kilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini madereva wengi walikikataa. Walisema kinabana, kinazuia kugeuka, kitawachelewesha kutoka gari likishika moto. Mwaka 2000 pekee, NASCAR ilipoteza madereva watatu kwa majeraha ya kichwa na shingo: Adam Petty, kijana wa miaka 19, Kenny Irwin na Tony Roper. Bado wengi hawakubadilika. Earnhardt mwenyewe hakukitaka, na aliendelea kuvaa kofia ya mtindo wa zamani inayoacha uso wazi.

Kifo chake ndicho kilichowageuza. Wengi wa wenzake walianza kuvaa kinga ya kichwa na shingo miezi michache baadaye, na Oktoba 2001 NASCAR ikaifanya lazima. Formula 1 ikalazimisha HANS mwaka 2003. Kuta nazo zilibadilishwa. Timu ya Dk Dean Sicking wa Chuo Kikuu cha Nebraska ilitengeneza ukuta wa mabomba ya chuma wenye povu gumu nyuma yake, unaobonyea gari linapogonga. Ulianza kutumika Indianapolis mwaka 2002, kisha ukaenea. Tangu siku ile ya Daytona, hakuna dereva mwingine aliyekufa katika mbio za daraja la juu la NASCAR.

Februari 17, 2020, uwanja ule ule, mzunguko ule ule wa mwisho, gari la Ryan Newman liligonga ukuta, likapinduka na kugongwa na jingine likiwa hewani. Safari hii kila aliyeona alidhani amekufa. Siku mbili baadaye alitoka hospitalini akitembea, amewashika mikono binti zake wawili.

Na mwanao je?

Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili wake, huku shingo ikiwa bado laini. Gari likisimama ghafla, hata kwa mwendo wa mjini, hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia. Ndiyo maana mtoto mchanga huwekwa kwenye kiti kinachotazama nyuma: mgongo wa kiti hupokea kichwa, shingo na mwili kwa pamoja. Ni kazi ile ile ya HANS.

Najua kiti hicho ni ghali, na wengi wetu tunapanda gari la mtu au bodaboda. Basi fanya unachoweza leo:

• Mtoto akae kiti cha nyuma. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi.

• Usijifunge mkanda mmoja pamoja na mtoto uliyempakata. Uzito wako utamkandamiza.

• Mjamzito naye afunge mkanda. Wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Wa juu upite katikati ya matiti.

• Kwenye bodaboda, kofia ngumu isiyofungwa kamba kidevuni huruka kabla ya kichwa kufika chini.

Na ajali ikitokea, usiipime kwa ukubwa wa kishindo au kwa uharibifu wa gari. Mpeleke majeruhi hospitali haraka ukiona damu au maji maji yakitoka puani au sikioni, weusi kuzunguka macho yote mawili au nyuma ya sikio, kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi usio wa kawaida au maumivu ya shingo. Usizibe sikio kwa pamba, wala usimwache apenge kamasi. Kama hakuna hatari ya moto au magari mengine, asinyanyuliwe kiholela. Kichwa na shingo vishikiliwe vikiwa vimenyooka mpaka msaada ufike.

Naandika haya nikiwa na deni langu mwenyewe. Mtoto wangu wa kwanza alitoka wodi ya wazazi akiwa mikononi mwangu, kiti cha mbele, nami tayari nilikuwa daktari. Nilijiambia ni hapo karibu tu. Tulifika salama, na kwa sababu tulifika salama nilirudia mara nyingi kabla sijajirekebisha. Earnhardt pia alifika salama mamia ya mara. Kwa hiyo sikulaumu, mzazi mwenzangu. Nakuomba tu usisubiri msiba ndipo ubadilike.