Mistari mitano ya kompyuta inayofichua hasara ya gunia

Wafanyabiashara wengi wa nafaka hupiga hesabu ya faida kichwani. Mtu hununua gunia la mahindi kwa sh 60,000, akaliuza sh 68,000, akajihesabia faida ya sh 8,000. Msimu ukiisha, mtaji umepungua na hajui ulikokwenda.

Dawa yake ni kuandika hesabu hatua kwa hatua. Hilo ndilo somo lililotolewa na kompyuta ndogo za kubebeka za miaka ya 1980. Mwaka 1988 kampuni ya VTech ya Hong Kong ilitoa PreComputer 1000, mashine ya kujifunzia yenye kibodi kamili na kioo cha mstari mmoja tu wa herufi 20. Ndani yake kulikuwa na BASIC, lugha ya programu iliyobuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kutumia kompyuta.

Kwa lugha hiyo, hesabu ya magunia ni mistari mitano:

10 INPUT N
20 INPUT A
30 INPUT G
40 INPUT B
50 PRINT N*B-N*A-G

INPUT huiambia mashine isubiri namba; PRINT huitaka ionyeshe jibu. N ni idadi ya magunia, A bei ya kununua, G gharama nyingine zote, na B bei ya kuuza. Alama ya nyota ni kuzidisha.

Tuchukue magunia 20. Usafiri ni sh 100,000, ushuru sh 40,000 na magunia matupu sh 30,000. Jumla ya G ni sh 170,000. Jibu ni -10000. Aliyedhani amepata sh 160,000 amekula hasara ya sh 10,000.

Hata hivyo, mashine haikukumbushi ulichosahau. Ukiacha ushuru, itakupa jibu la uongo bila kusita.

Anayetaka kununua mashine hizi kuukuu afungue kwanza sehemu ya betri, kwani betri zilizovuja huharibu vyuma vyake. Lakini si lazima kuzinunua: BASIC hupatikana bure kwa kompyuta za leo, na hata daftari linatosha. La muhimu ni kuijua G kabla ya kulipia gunia la kwanza.