Kanisa Lililogeuka Nyumba ya Sanaa

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Msemo huo unalifaa sana kanisa moja la kale mjini Brighton, kusini mwa Uingereza. Ukilitazama kwa nje ni kanisa hasa. Ingia ndani: hamna padri wala waumini, bali mna picha na kazi nyingine za sanaa, na kuingia ni bure.

Kanisa hilo la Holy Trinity lilijengwa mwaka 1817 na Thomas Read Kemp, tajiri aliyejitenga na Kanisa la Uingereza akataka mahali pake pa kuhubiria. Mwaka 1826 likawa la Kanisa hilohilo alilolikimbia. Baadaye, kati ya 1847 na 1853, alihubiri humo Frederick Robertson, ambaye maneno yake yaliwavuta hata vibarua. Lakini kila maji kujaa yana kupwa. Miaka ya 1980 mlango ukafungwa. Wasanii wakaufungua tena mwaka 1996, na pakaitwa Fabrica.

Je, yafaa nyumba ya ibada kutundikwa picha? Kwetu Waislamu jawabu tunalijua: msikiti ni wakfu, hauuzwi, haupeanwi wala haurithiwi. Wakristo wa Uingereza wana sheria yao, ambayo huruhusu kanisa lisilo na watu lifungwe rasmi na kupewa kazi nyingine. Tusiwapimie kwa pishi yetu.

Lakini adabu haina dini moja. Ukutani mwa Fabrica limeachwa bamba la majina ya vijana wa mtaa ule waliokufa katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Wasanii hawakuling'oa. Bali watu wa kujitolea walikaa wakatafuta habari za kila jina: alikuwa nani, aliishi wapi, alifia wapi. Picha huja na kuondoka, majina yamebaki.

Vita hivyo vinatugusa nasi. Si mbali na hapo lipo kasri la Royal Pavilion, lililogeuzwa hospitali ya askari wa Kihindi tangu 1914. Waislamu miongoni mwao walitengewa uwanja wa nyasi wakaswali wakielekea Makka. Kasri la mfalme likawa pa kuuguzia, na bustani yake ikawa pa kusujudia.

Nasi Mombasa tumeyaona mageuzi. Fort Jesus ilikuwa jela hadi 1958, na sasa ni makumbusho. Lakini tazameni nyumba zetu za Mji wa Kale. Mwenyewe akifa, warithi huuza. Mlango wa nakshi ukaenda zake, na jina la fundi aliyeuchonga halijulikani tena.

Nyumba kubadili kazi si msiba. Msiba ni kubadilika pasiwe na mtu wa kuuliza: humu walikaa akina nani?